Bolti za mashine hulegea kwa nini, na zifungweje mwambao wa kusini mwa Tanzania

Bolti hushika kwa kuvutika. Unapokaza nati, mwili wa bolti unarefuka kidogo mno, na mvuto huo ndio unaobana vipande visiteleze. Mvuto ukipungua, vipande huanza kusuguana, nati hujifungua, na bolti huchoka hadi kukatika hata kama haijazidiwa mzigo. Kwa hiyo bolti ikikatika kwenye mashine ya kubangulia korosho, usikimbilie kununua iliyo nene zaidi. Uliza kwanza kama ilikuwa imekazwa.

Soma kichwa chake. Alama 8.8 ina maana hukatika kwenye nyutoni (kipimo cha nguvu) 800 hivi kwa milimita ya mraba, na huanza kurefuka bila kurudi kwenye 640. Ya 4.6 ni 400 na 240 tu. Isiyo na alama ifungie kitasa cha mlango, si kitako cha injini.

Bolti kavu ya M12 (yenye kipenyo cha milimita 12) ya 8.8 hukazwa kwa nyutoni-mita 80 hivi: kwa spana ya sentimita 30, ni kama kuning'iniza kilo 27 mwishoni mwake. Ukichomeka bomba kurefusha mpini, unaweza kuipitiliza bila kuhisi. Tena, karibu asilimia 90 ya nguvu ya mkono huliwa na msuguano. Ukipaka mafuta na kukaza vilevile, bolti huvutika kupita kiasi. Punguza kama robo.

Washa ya springi, ile pete ya chuma iliyopasuliwa inayowekwa chini ya nati, inaaminiwa kuliko inavyostahili. Mtikisiko wa ubavuni huishinda upesi. Nati yenye pete ya nailoni ni bora, ila si karibu na kikaango cha korosho, kwani nailoni haivumilii zaidi ya nyuzi joto 120 hivi. Hapo tumia nati mbili: nyembamba itangulie, ikazwe kiasi, kisha ishikwe na spana isizunguke wakati nene inakazwa kabisa juu yake. Mafundi wengi huzipanga kinyume.

Kuanzia Mikindani hadi Kilwa Masoko kuna chumvi pia. Bolti ya chuma cha kawaida kwenye bamba kubwa la chuma cha pua (kinachostahimili kutu) huliwa haraka, kwa sababu kipande kidogo kinabeba kutu yote. Kinyume chake, yaani bolti ya chuma cha pua kwenye bamba la chuma cha kawaida, hakina madhara makubwa hivyo. Kwenye boti chagua chuma cha pua cha daraja 316. 304 hupata vishimo vya kutu baharini. Nati na bolti za chuma cha pua hung'ang'aniana zikizungushwa kwa kasi, kwa hiyo paka grisi ya kuzuia kung'ang'ana, zungusha polepole, weka kando mashine ya kukazia.

Baada ya saa chache za kwanza za kazi, zima mashine na kaza upya, kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Mstari ukikatika, nati imezunguka.