West Point iko wapi hapa?

Kila nikiandika kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, atatokea mtu wa kunieleza kwamba maafisa wa Kusini, upande wa majimbo yaliyojitenga, walikuwa wanajeshi wa kazi waliotoka West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, matajiri wa mashamba ya pamba, waliokaa nyuma juu ya farasi huku wakiwasukuma maskini mbele. Sasa basi. Nachukua rejimenti moja tu ya askari wa miguu, ya 26 ya North Carolina, tuwatazame wakubwa wake.

Rejimenti ilikuwa na kombania kumi, A mpaka K. Kombania J haipo, usiitafute. Juu yao walikaa kanali, luteni kanali na meja, na kila kombania ilikuwa na kapteni na maluteni wake. Haya yako wazi, tusonge.

Makanali wake walikuwa watatu, na hakuna aliyekuwa kadeti West Point. Wa kwanza, Zebulon Vance, alikuwa mwanasheria na mbunge, mtu wa kuchekesha umati, na alipinga jimbo lake kujitenga mpaka mizinga ilipolia Fort Sumter na vita vikaanza. Mambo ya kijeshi aliyajua kwa kubahatisha. Wa pili, Henry Burgwyn, ndiye pekee aliyesomea kazi hiyo, lakini Chuo cha Kijeshi cha Virginia. Alipokuwa kijana alikaa West Point akifundishwa na afisa John G. Foster ili aombe nafasi ya kusoma hapo, na nafasi hakuipata. Machi 1862, kwenye mapigano ya New Bern, Foster huyohuyo alikuwa akiongoza brigedi, yaani rejimenti kadhaa pamoja, upande wa adui, wa Kaskazini. Wa tatu, John R. Lane, alikuwa mkulima wa kaunti ya Chatham aliyeandikishwa kama askari wa kawaida.

Mkulima alifikaje kwenye ukanali? Njia yake ilianza na kura. Hapa ndipo watu hunichosha, kwa sababu wakisikia kura wanadhani natania. Askari wa kujitolea wa 1861 walichagua maafisa wa kombania zao, na maafisa hao wakachagua wakubwa wa rejimenti. Vance alichaguliwa kanali Agosti 1861 akiwa kapteni katika rejimenti nyingine. Aprili 1862 serikali ya Kusini ilipopitisha sheria ya kuwaandikisha kwa lazima wanaume wa miaka 18 hadi 35, iliwafunga askari wa mwaka mmoja kwa miaka mitatu, na ili kuwapoza ikawaruhusu wachague maafisa upya. Majeshi mazima yalifanya uchaguzi adui akiwa jirani. Kapteni mkali aliyewakimbiza watu kwenye gwaride aliangushwa, akapanda sajini mpole.

Burgwyn mwenyewe alichukiwa mwanzoni. Alikuwa luteni kanali wa miaka 19, mtoto wa tajiri mwenye watumwa, na aliwafanyisha kwata kuanzia asubuhi. Kilichowageuza ni New Bern. Meja Abner Carmichael aliuawa, ulinzi ukavunjika, na rejimenti ikabanwa kwenye kijito cha Brice chenye mashua chache mno. Vance aliingia majini na farasi wake, nusura azame. Burgwyn alisimama ukingoni akiwavusha watu kwa zamu, naye akavuka mwisho. Mwezi uliofuata, kwenye uchaguzi ule wa Aprili, walimpigia kura tena. Vance alipochaguliwa gavana wa jimbo na kuondoka, kijana akawa kanali kabla hajatimiza miaka 21. Mkuu wa brigedi, Robert Ransom, hakumtaka kwa utoto wake. Rejimenti ikahamishiwa brigedi ya James Johnston Pettigrew.

Demokrasia basi? Taratibu. Hiyo ilikuwa kura ya wanaume weupe, ndani ya jeshi lililopigania nchi iliyojengwa juu ya utumwa. Oktoba 1862 sheria iliachia mzungu mmoja asiende vitani kwa kila shamba lenye watumwa 20, na hilo liliwauma maskini kweli. Maafisa wenye uwezo walikwenda vitani na watumwa wa kuwapikia na kutunza farasi. Anayetaka kunigeuza mpambe wa Kusini kwa sababu nimetaja kura, atafute mwingine.

Haya, tuje kwenye "kukaa nyuma". Hapa wapinzani wangu wana karatasi mkononi. Kitabu cha kwata cha William Hardee kinamweka kapteni mstari wa mbele, kulia kwa kombania yake, lakini maluteni kinawaweka nyuma ya safu, na kanali hatua 30 nyuma yao. Kazi mojawapo ya wale maluteni ilikuwa kuwazuia wanaotaka kukimbia. Ukisoma kitabu peke yake, hoja yao imesimama.

Ila kitabu hakina moshi. Rejimenti ilijipanga kwa kuitazama bendera. Bendera ikianguka, safu inasita, na safu inayosita mbele ya bunduki inakwisha. Tarehe 1 Julai 1863, siku ya kwanza ya mapigano ya Gettysburg, rejimenti ya 26 ilivuka kijito cha Willoughby na kupanda msituni dhidi ya rejimenti ya 24 ya Michigan. Washika bendera waliangushwa mmoja baada ya mwingine. Kapteni McCreery, afisa wa makao ya brigedi ambaye bendera ile haikumhusu, aliiokota akauawa. Burgwyn aliishika, akapigwa risasi ya mapafu, akafa akiwa na miaka 21. Lane, luteni kanali wake, akaibeba. Risasi ikamwingia shingoni nyuma na kutokea mdomoni. Hatua 30 nyuma zilikuwa wapi?

Hesabu inayorudiwa ni watu 588 waliouawa au kujeruhiwa kati ya 800 siku ile. Naitumia, lakini kwa shingo upande. Daftari la kombania huonyesha waliolipwa na waliohudhuria siku ya ukaguzi. Halionyeshi nani alikuwa na bunduki mkononi saa nane mchana. Na waliojeruhiwa tarehe 1 wakarudi vitani tarehe 3, siku ya mwisho ya mapigano hayo, huweza kuhesabiwa mara mbili. Ukubwa wa msiba siutilii shaka. Tarakimu ya mwisho ndiyo siiapii.

Kitu kingine kinachonisumbua kwenye mafaili yao ni "amejiuzulu". Afisa aliweza kuandika barua akaenda zake, wakati askari wa kawaida akiondoka ni mtoro na anaweza kupigwa risasi. Tangu Oktoba 1862 kulikuwa na bodi za kuwachuja maafisa wasioweza kazi, na wengi waliojua watafeli walitanguliza barua yenye cheti cha daktari. Nikiona "baridi yabisi" kwenye faili la luteni mwenye miaka 25, siwezi kujua ni magoti au ni bodi. Mara nyingi nadhani ni bodi, na siwezi kuthibitisha.

Mshahara haraka: kanali dola 195 kwa mwezi, kapteni 130, askari 11. Sare afisa alijinunulia mwenyewe, na dola ya Kusini iliporomoka hata tofauti hiyo ikakosa maana.  

Baada ya Gettysburg, Meja John T. Jones, aliyeiongoza rejimenti tarehe 3, alipata jeraha la kumuua kwenye mapigano ya Wilderness, Mei 1864. Pettigrew alikuwa ameshakufa Julai 1863, baada ya kupigwa risasi Falling Waters wakati jeshi likirudi nyuma. Lane alipona, akarudi akiwa kanali, akajeruhiwa tena kwenye mapigano ya Reams Station Agosti 1864, na siku jeshi lao liliposalimu amri Appomattox, Aprili 1865, alikuwa hospitali. Aliyewasalimisha waliobaki ni Luteni Kanali James T. Adams, kapteni wa zamani wa Kombania D.