Klasta haijengwi ikasahauliwa: dhana potofu ninazozisikia Kigoma

Mwezi huu pekee, kuhusu klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja, nimeisikia kauli ileile mara tatu, mara moja Mwanga, mara moja Ujiji na mara moja kwa simu kutoka Kasulu: "Mtaalamu, lile faili tulishaliendesha, klasta ipo, sasa tunarekebisha wenyewe hukohuko kwenye seva." Anayesema hivyo huichukulia OpenTofu, programu inayojenga na kubadilisha seva kwa kufuata faili la tamko, kama fundi wa kupaua, ambaye akishamaliza paa hulipwa akaenda zake, na mwenye nyumba akabaki huru kutoboa bati anapotaka. Dhana hii ndiyo inayonipotezea muda kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Faili la tamko halielezi hatua za ujenzi, bali hali inayotakiwa: mashine tatu, kila moja na kumbukumbu ya gigabaiti 4, mtandao mmoja wa ndani, na kanuni za faiawoli zinazosema nani aingie wapi. Kila tunapoendesha amri ya tofu plan, programu hulinganisha mambo matatu, yaani tamko lenyewe, faili la hali linaloweka kumbukumbu ya kila ilichokwisha kukijenga, na hali halisi kama mtoa huduma wa seva anavyoiripoti. Ikiona tofauti kwenye kitu inachokisimamia, hupendekeza kukirudisha kilingane na tamko, bila kujali aliyekibadilisha alikuwa na sababu gani.

Wafanyabiashara wa mawese ninaowahudumia waliwahi kuniita niwaongezee nodi moja, yaani mashine moja ya klasta. Nilipoendesha plan nilitarajia kuona alama ya kujumlisha tu, lakini chini yake palikuwa na mstari mmoja wenye alama ya kutoa, ukieleza kwamba kanuni moja ya faiawoli ingefutwa. Niliuliza ni ya nani, na hakuna aliyekumbuka. Baada ya kama nusu saa kijana anayeangalia seva zao alisema kwamba wiki tatu nyuma aliifungua mwenyewe kupitia ukurasa wa mtoa huduma, ili wakala wa Ujiji aweze kutuma uzito wa madumu kutoka kwenye mzani. Kama ningebonyeza kukubali bila kusoma, mzani wa Ujiji ungenyamaza siku ile, na lawama ingeiangukia nodi mpya isiyohusika hata kidogo. Tuliiandika kanuni ile kwenye tamko, mistari sita, na plan iliyofuata ikawa safi.

Hata hivyo, hayo ni marekebisho ya mkono yanayoonekana, nayo ndiyo yenye nafuu. Mtu akiunda mashine nzima kwa mkono, OpenTofu haitaiona kabisa, kwa sababu haimo kwenye faili la hali, na mashine hiyo itaendelea kulipiwa kila mwezi bila kutajwa popote. Akiingia ndani ya mashine iliyopo na kuhariri mipangilio ya containerd, programu inayoendesha kontena (programu iliyofungwa pamoja na vyote inavyohitaji), hilo nalo halitaonekana, maana mtoa huduma huripoti ukubwa wa mashine na anwani yake, si yaliyomo ndani ya diski. Siku mashine hiyo itakapobadilishwa na mpya, marekebisho yale yatapotea pamoja nayo, na klasta itaanza kuonyesha tabia ambayo hakuna anayeweza kuieleza.

Chanzo cha mkanganyiko huu nakielewa. Ndani ya Kubernetes, programu inayosimamia kontena kwenye klasta nzima, ukiiua podi (kundi dogo la kontena) iliyo chini ya deployment (agizo la podi ngapi ziwepo), kidhibiti huona pengo na kuanzisha nyingine papo hapo, kwa kuwa kazi yake ni kulinganisha kinachotakiwa na kilichopo muda wote. Watu huona hilo wakadhani kwamba na OpenTofu hukesha vivyo hivyo. Haikeshi, hulinganisha pale tu inapoendeshwa. Ndiyo maana kila mteja wangu ninamwekea plan inayojiendesha alfajiri kwa chaguo la -detailed-exitcode, ambapo namba 0 maana yake hakuna tofauti, 1 ni hitilafu, na 2 ni kwamba kuna kitu kimeguswa. Asubuhi ukikuta 2, tafuta aliyegusa kabla hajasahau.

Na lile faili la hali lisikae kwenye laptopu ya mtu mmoja. Likipotea, programu haioni kwamba klasta ipo, na plan itapendekeza kuijenga yote upya kando ya ile inayofanya kazi. Kuiokoa ni kuingiza kitu kimojakimoja kwa amri ya import, kazi ya siku nzima. Lisiwekwe pia kwenye Git, inayotunza kila toleo la mafaili, pamoja na msimbo, kwa sababu nywila zinaweza kukaa humo waziwazi. Liweke kwenye hifadhi ya mbali yenye kufuli la kuzuia watu wawili wasilibadilishe kwa wakati mmoja, na tangu toleo la 1.7 la mwaka 2024 OpenTofu yenyewe inaweza kulisimba, yaani kulifanya lisisomeke bila ufunguo.

Dhana nyingine nitazipitia haraka. Wapo wanaosema kwamba zana za bure hazina mwenyewe. OpenTofu ilizaliwa baada ya leseni ya Terraform, programu iliyoitangulia, kubadilishwa Agosti 2023, ikaingia chini ya taasisi ya Linux Foundation Septemba mwaka huohuo, na toleo lake thabiti la kwanza, 1.6, likatoka Januari 2024. Wapo pia wanaoamini kwamba kontena zilizotengenezwa kwa Docker, zana iliyozoeleka ya kazi hiyo, hazikubaliki tena kwenye Kubernetes. Kilichoondolewa kwenye Kubernetes 1.24 mwaka 2022 ni kiunganishi cha kuiendesha Docker yenyewe ndani ya nodi. Picha zake, yaani mafaili ambamo kontena huanzishwa, hufuata muundo wa pamoja, na containerd huziendesha bila shida.

Dhana iliyobaki ni ya nodi mbili za udhibiti, yaani mashine zinazoiongoza klasta, ambazo mteja huzinunua akiamini kwamba moja ikizimika nyingine itashika usukani. Hifadhi ya etcd, inayoweka kumbukumbu za klasta kwenye nodi hizo, hukubali mabadiliko pale tu wengi wa wanachama wake wanapokuwa hai, na wengi wa wawili ni wawili. Umeme ukikatika kwenye mojawapo, podi zilizokwisha kuanza huendelea, lakini klasta haipokei badiliko lolote, kwa hiyo umelipia mashine ya pili na kupata sehemu mbili za kuharibikia badala ya moja. Nunua tatu, hata zikiwa ndogo, na uziweke kwenye vyanzo tofauti vya umeme. Kama bajeti haifiki tatu, weka moja yenye k3s, Kubernetes nyepesi, ambayo kwa kawaida hutumia hifadhidata ndogo ya SQLite mahali pa etcd, na nakala ya data yake uihamishe kila usiku nje ya jengo.