Kinachokufa ni kiungo, si bodi

"Mwanangu, ile mizani yako imelala."

Simu ya ami yangu kutoka Wete, Pemba, ilinijia asubuhi, siku ya nane tangu nilipomfungia kifaa na kurudi Unguja. Karafuu zilikuwa zimeanikwa, wingu la vuli linajijenga, na mashine iliyotakiwa imwambie zimekauka kiasi gani ilikuwa haisemi kitu. Nikapanda boti. Nilipofika nilichomoa moduli ya uzito, yaani kile kibodi kidogo cha kupimia, nikairudisha palepale, kifaa kikaamka.

Sikubadilisha chochote. Kila fundi anaijua dawa hii ya kuchomoa na kuchomeka, na wengi wetu taa ikishawaka tunafunga mkoba. Safari hii nilibaki Wete siku mbili zaidi, nikachukua lenzi ya fundi saa nikaangalia pini moja moja. Pini ya volti 3.3 ilikuwa na ukungu wa kijani shinani. Pini ya ardhi, yaani ya volti sifuri, iliyo ubavuni mwake ilikuwa safi kabisa.

Nieleze kwanza kwa nini ninatengeneza kwa moduli. Bodi nzima ikiwa na kosa moja la mchoro, kwetu sisi ni wiki kadhaa zimepotea: unaagiza upya Shenzhen, China, unangoja, mzigo unapita Dar, unavuka hadi Unguja, kisha unavuka tena kwenda Pemba. Kwa hiyo nimekigawa kifaa changu vipande sita: uzito, unyevu na joto, mvua, saa, kioo cha kuonyesha namba, na chaji ya jua. Kila kipande ni bodi ndogo yenye kazi moja, na vyote vinachomekwa kwenye bodi mama kwa kiungo cha aina moja. Kikiharibika kimoja, hicho ndicho kinachosafiri. Nikitaka kujaribu sensa nyengine ya mvua, sigusi vitano vilivyobaki.

Uzuri wote huo umesimama juu ya kiungo, na kiungo ndicho tunachokipima kidogo kuliko chochote. Mafundi wa vyombo hapa visiwani hawakeshi kwa ajili ya ubao, wanakesha kwa ajili ya mwungano wa mbao mbili. Hapo ndipo wanapokalafati kwa pamba na mafuta, kwa sababu maji hupitia hapo.

Turudi kwenye ule ukungu wa kijani. Hewa ya pwani hubeba chumvi, na chumvi hutua juu ya pini kama inavyotua juu ya kioo cha dirisha. Chumvi ya kawaida ina tabia moja ambayo kila anayetengeneza vifaa vya kukaa pwani aiweke moyoni: unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75 hivi, inavuta maji ya hewani na kuyeyuka yenyewe. Usiku wa Pemba huvuka hapo bila ya tabu. Basi baina ya pini mbili zenye tofauti ya volti panapatikana tone dogo la maji ya chumvi, umeme unapita ndani yake, na shaba ya upande wa chanya inaliwa. Asubuhi tone linakauka, usiku linarudi. Kisanduku changu hakikuingia hata tone la mvua.

Niliitazama tena safu yangu ya pini nne: ardhi, volti, data, na saa (mapigo yanayoendesha data). Laini za data na saa zikipumzika nazo hukaa karibu na volti 3.3, kwa hiyo ardhi ndiyo peke yake iliyo tofauti na wenzake. Sasa safu ina pini tano, na iliyo ubavuni mwa ardhi ni tupu. Pini yenyewe nimeihamisha kutoka bati kwenda dhahabu, jike na dume, pande zote mbili. Bati ni rahisi, lakini joto la mchana na baridi ya usiku huisogeza pini kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na kila ikisogea inakwaruzika na kuota ngozi mpya ya oksaidi. Kuchanganya dhahabu upande mmoja na bati upande wa pili hakusaidii, oksaidi ya bati huhamia juu ya dhahabu.

Kosa la pili nililolikuta Wete ni kubwa zaidi, na nilikuwa nimelichora kwa mkono wangu. Sensa ya uzito ninayotumia hutoa milivolti 2 kwa kila volti inayolishwa. Kwa volti 3.3, mzigo wa mwisho wa kilo 20 unatoa milivolti 6.6 tu, maana yake gramu 10 za karafuu ni kama mikrovolti 3. Mimi nilikuwa nimeweka kiungo baina ya sensa na chipu ya HX711 inayoisoma. Mikrovolti tatu zilikuwa zikipita kwenye pini yenye chumvi! Namba za uzito zilikuwa zikitangatanga siku nzima kabla ya kifaa kunyamaza, na ami alidhani ni upepo unaotikisa trei. Leo waya za sensa zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi yenye HX711 na kupakwa vanishi, na kinachopita kwenye kiungo ni namba iliyokwisha kusomwa. Ukigawa kifaa kwa moduli, kata pale ishara inapokuwa na nguvu.

Kiungo pia ni mapatano, na mapatano yakishatoka mlangoni hayarudi. Arduino, bodi ndogo ya kujengea vifaa vya elektroniki iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ina nafasi ya milimita 4.06 baina ya pini ya 7 na ya 8, wakati nyengine zina 2.54. Lilikuwa kosa la mchoro. Lilipogunduliwa watu walikuwa wameshatengeneza bodi za kupachika juu yake, likabaki hivyo mpaka leo. Ndiyo maana safu yangu ya pini tano sikumpa mtu yeyote mpaka nilipomaliza kuijaribu.

Majaribio yenyewe hayahitaji maabara. Kwanza napima ukinzani wa kila pini. Mita ya kawaida haifai hapa, kwa sababu waya zake peke yake zina ukinzani mkubwa kuliko pini. Napitisha mkondo wa miliampea 100, kisha kwa waya mbili nyengine nasoma volti inayopotea kwenye pini: kila milivolti moja ni miliomu 10. Baada ya hapo nakiweka kiungo, umeme ukiwa ndani yake, kwenye kopo la plastiki la chakula lenye kikombe cha chumvi iliyoloweshwa ikabaki rojo. Chumvi hiyo huishikilia hewa ya kopo kwenye asilimia 75, kwa hiyo papo hapo naiangalia sensa yangu ya unyevu kama inasema kweli. Wiki ya pili naitoa chumvi na kuweka maji matupu, unyevu upande juu kabisa. Pini za majaribio huwa nimezirashia maji ya bahari na kuzikausha mwanzo.

Jaribio la mwisho ni kuchomeka vyote pamoja. Moduli zangu huzungumza na bodi mama kwa njia ya I2C, ile ya laini mbili za data na saa ambayo Philips waliitoa mwaka 1982, nayo inataka rezista za kuziinua laini hizo hadi volti 3.3 zikipumzika. Nilikuwa nimeweka za kilo-omu 2.2 kwenye kila moduli. Sita kwa pamoja zinakuwa omu 367, na chipu inayotaka kuishusha laini inabidi imeze karibu miliampea 8, ilhali kipimo cha kawaida kinaidhamini kwa 3 tu. Kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volti inavyopanda na kushuka, laini ilishuka ikaishia juu ya volti moja, mahali ambapo chipu nyengine hazihesabu tena kuwa ni sifuri. Kilichonitisha zaidi ni hesabu ya moduli tatu: nazo zilikuwa zimeshavuka kikomo, ila chipu zikastahamili kimya kimya na mimi nikaandika "imepita". Rezista sasa ziko kwenye bodi mama peke yake.

Ndani ya kila moduli nimeongeza chipu ya kumbukumbu ya baiti 256. Humo nimeandika jina la moduli, toleo la kiungo, na ukinzani wa kila pini siku ilipotoka mezani kwangu. Nikienda tena Wete nitapima pini zilezile na kulinganisha, kabla sijachomoa kitu.