Je, wajua kwa nini karavani ya zamani huoza ndani huku bati lake liking'aa?

Egesha karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, ya miaka ya 1960 chini ya mwembe, Nyali au Mtwapa katika Pwani ya Kenya, na haipiti wiki kabla jirani hajaja kukuonya kuhusu chumvi. "Upepo wa bahari utaila hiyo, bwana." Ana sababu ya kusema hivyo. Geti la chuma lisilopakwa rangi huku Pwani humenyeka upesi, na mabati ya paa yanayotazama bahari hutoboka mapema kuliko ya bara. Kwa hiyo anayetaka kununua karavani kuukuu hupitisha kiganja kwenye bati, hutafuta wekundu wa kutu, na asipouona hujiambia kwamba ameokota mali.

Hapo ndipo wengi wetu tumekosea, na kosa lenyewe ni la gharama. Bati la karavani ni alumini, na alumini haifanyi kutu nyekundu hata ikiharibika vipi. Tena bati silo linaloanza kufa. Zinazoanza ni mbao zilizofichika nyuma yake, na kinachoziua ni maji baridi ya mvua, si ya bahari. Karavani inaweza kung'aa kama sufuria mpya huku mbao za pembeni zimelainika kiasi cha kuchoteka kwa kijiko. Anayechunguza bati tu amechunguza nguo, mgonjwa hajamgusa.

Karavani nyingi za Uingereza za karne iliyopita, tangu Eccles wa Birmingham walipoanza kuziunda mwaka 1919 hadi Sprite za Sam Alper zilizoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ni kijumba cha mbao kilichovishwa kanzu ya alumini. Chini kabisa kuna chasisi ya chuma na ekseli, juu yake sakafu ya plaiwudi, kisha fremu ya vipande vyembamba vya mbao laini. Nje ya fremu kuna bati lisilofika unene wa milimita moja, na ndani plaiwudi au hadibodi ya milimita 3 hivi. Airstream za Marekani zina mbavu za alumini na bati lililofungwa kwa ribiti. Hata hivyo sakafu zao nazo ni za plaiwudi, na huoza pembeni vilevile. Wally Byam, mwasisi wa Airstream, aliongoza msafara wa karavani hizo kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 1959 na 1960, na Kenya ilikuwa njiani.

Chumvi tuipe haki yake. Alumini ikiguswa na hewa hujitandia utando wa oksidi, mwembamba wa nanomita chache, unaoikinga. Ukiukwaruza, hujirudisha papo hapo. Chumvi huutoboa hapa na pale na kuacha vishimo vyenye unga mweupe, lakini kazi hiyo ni ya polepole, na kuosha bati kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya wiki mbili huipunguza zaidi. Chumvi hufanya haraka pale tu alumini inapokutana na metali nyingine, kama skurubu ya chuma au bawaba ya shaba. Metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi huwa betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Ndiyo maana rangi hututumka kuzunguka vichwa vya skurubu kabla ya mahali pengine popote. Tundu likishapanuka, mvua imepata mlango.

Lakini mvua hupata mlango hata bila chumvi. Chukua bati la ubavuni lenye urefu wa mita 4. Alfajiri lina digrii 24. Saa saba mchana, jua la kaskazi likilipiga, hufika digrii 60. Kila mita ya alumini hurefuka kwa mikromita 23 kwa kila digrii moja, hivyo bati zima hurefuka kwa zaidi ya milimita 3. Ubao ulio nyuma yake haurefuki hata milimita moja. Vitu viwili vimefungwa pamoja kwa skurubu, kimoja kinataka kujinyoosha na kingine kinakataa. Bati huvimba kati ya skurubu na skurubu, na usiku hurudi. Kesho tena.

Anayebeba msukosuko huo ni mastiki, ile gundi laini iliyobanwa chini ya reli za pembeni na fremu za madirisha. Mastiki mpya ni kama halua ya leo: inanata na inavutika. Mastiki ya miaka 20 ni halua iliyosahauliwa kwenye sahani: imekauka juu, imepasuka na imeachana na kingo. Ufa unaobaki hauonekani kwa macho, na maji hayahitaji zaidi ya huo. Kumbuka utambi wa koroboi: mafuta ya taa hupanda juu bila kusukumwa na mtu, kwa sababu tu nafasi zilizo kati ya nyuzi zake ni ndogo mno. Ufa ulio chini ya reli ni utambi. Skurubu inayopita hapo huyaongoza maji hadi kwenye moyo wa ubao, na ubao wenyewe, hasa kwenye kichwa ulikokatwa msumeno, ni fungu la mirija inayosubiri kunywa.

Mvua ya ghafla baada ya jua kali huongeza balaa. Chupa ya plastiki iliyotoka juani ukiifunga na kuitia kwenye friji hujikunyata, kwa kuwa hewa yake imesinyaa. Ukuta wa karavani hufanya vivyo hivyo: mchana hewa yake hupanuka na kutoka, mvua ikilipoza bati hewa iliyobaki husinyaa, na ukuta huvuta pumzi. Kwa kuwa ufa wakati huo umezungukwa na maji, pumzi hiyo huwa ya maji.

Yakishaingia, kutoka ni taabu. Chapati za moto ukizifunika kwenye hotipoti huloana zenyewe, maana mvuke hauna pa kwenda. Bati halipitishi mvuke hata kidogo, na plaiwudi yenye vanishi hupitisha kidogo mno. Kuvu inayoozesha mbao hulala unyevu wa ubao ukiwa chini ya asilimia 20, na hula kwa raha ukikaribia 30. Joto inalolipenda ni kati ya digrii 20 na 30, yaani Mombasa ya karibu mwaka mzima. Uingereza, baridi ya Desemba huipunguza kasi. Huku masika na vuli huileta maji, na haina msimu wa kupumzika.

Mafundi wa majahazi wanalijua jambo hili tangu zama. Mbao zilizolowa maji ya chumvi kuvu haizipendi. Katika chombo cha mbao uozo huanzia juu, kwenye sitaha na vichwa vya mataruma (mbavu za chombo) ambako mvua hutuama. Ndiyo maana kuna sifa (mafuta ya samaki) ya kupaka juu, deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) ya chini, na kalafati ya kuziba kati ya mbao. Asije mtu akaelewa kwamba karavani imwagiwe maji ya bahari: chumvi iliyobaki ndani ya ubao hufyonza unyevu wa hewa na kulisha ile betri ya skurubu. Hata jahazi chumvi hailikingi na kila kitu, kwa kuwa viumbe wa baharini wanaotoboa mbao humo ndimo makwao.

Basi ukienda kununua, nenda siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, na kipima unyevu cha pini mbili mfukoni. Pima pembe zote za mbele na nyuma, chini ya kila dirisha, kuzunguka tundu la hewa la paa, na ndani ya makabati kando ya matao ya magurudumu. Chini ya asilimia 15 ni salama. Kati ya 15 na 20, tia alama na urudi kupima. Ikizidi 20, maji yanaingia. Ikifika 30, hesabu kwamba fremu ya hapo itabadilishwa. Kipima hiki hudanganyika karibu na skurubu, na hudanganyika zaidi penye chumvi, kwa hiyo usihukumu kwa namba moja. Linganisha na ubao wa katikati ya ukuta. Kisha tumia kidole gumba: plaiwudi inayobonyea kama godoro haina mjadala. Kipande kipya cha karatasi ya ukutani kwenye kona moja tu kitilie shaka kuliko doa la wazi.

Katika ukarabati usivue fremu yote kwa pamoja. Karavani isiyo na fremu hupinda, na mlango hautafunga tena. Fanya ukuta mmoja, ukiutegemeza kwa mbao za mshazari. Fungua reli, ng'oa skurubu, kwangua mastiki kuukuu kwa kipande cha plastiki kigumu ili usikwaruze bati, kisha fuatilia uozo hadi upite angalau sentimita 30 ndani ya ubao mzima. Unga kwa mshazari wenye urefu mara nane ya unene: ubao wa milimita 25 unataka mshazari wa milimita 200, gundi ya epoksi na skurubu. Kipande kibovu usikitupe, hata kama kimebaki nusu. Hicho ndicho kielezo chako cha mkunjo.

Kosa la kawaida hapa ni kununua mbao za kijani zilizotiwa dawa, kwa kudhani kwamba zisizooza ndizo bora. Ukijani huo ni wa shaba, na shaba ikilowa huila alumini inayoigusa. Umeokoa ubao, umepoteza bati. Tumia saipresi iliyokauka vizuri na kupakwa dawa ya boroni, na mvule kidogo kwenye pembe za chini pekee, maana ni mzito. Kwenye sakafu weka plaiwudi ya baharini, kingo zake zikipakwa epoksi mara tatu, kwani plaiwudi hunywa kwa kingo. Skurubu ziwe za stenlesi daraja la 316. Nayo si alumini, lakini kichwa kidogo cha stenlesi kwenye bati kubwa, kikikalishwa juu ya mastiki, huleta madhara madogo.

Silikoni iache dukani. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka. Zote huacha utando ambao hakuna mastiki itakayonata juu yake baadaye, hata silikoni mpya. Kinachotakiwa ni utepe wa butili wa unene wa milimita 3. Funga reli, acha siku nzima juani, kaza tena skurubu, kisha kata kilichofinyika nje.

Miongozo mingi ya ukarabati imeandikwa kwa nchi za baridi, nayo huagiza karatasi ya nailoni nyuma ya ukuta wa ndani ili mvuke wa pumzi za watu usifike kwenye bati lenye baridi. Mombasa, ukiweka kiyoyozi, mambo hugeuka. Ukuta wa ndani ndio wenye baridi, hewa nzito ya nje hupenya kuufuata, na mvuke hugeuka matone ya maji nyuma ya plaiwudi, juu ya nailoni ileile. Iache karatasi hiyo, na usishushe kiyoyozi chini ya digrii 25.

Kwa kazi yote hii, mtu atauliza kwa nini asinunue mpya. Karavani nyingi za kisasa ukuta wake ni bati, povu na plaiwudi vilivyogundishwa kuwa kitu kimoja. Maji yakiingia humo gundi huachia, na mara nyingi ukuta mzima ndio unaobadilishwa. Ya zamani ilifungwa kwa skurubu, kipande kwa kipande. Skurubu zilezile zilizoiingizia mvua ndizo zinazoruhusu seremala yeyote wa mtaa wa Majengo aifungue kwa bisibisi, anakili ubao mmoja, na airudishe jinsi ilivyotoka kiwandani. Hakuna kilichofichwa asichoweza kukifikia, na utamu wake kwa wanaozipenda uko hapo hasa.

Kabla ya barabara, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka 7 litoke hata kama meno yake ni mazima, kwa sababu tairi la karavani huzeeka kwa kusimama. Paki beringi grisi mpya. Uzito unaoegemea ndoano ya gari uwe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani; ukipungua, mkia utayumba.

Makabati yarudi mwisho kabisa, baada ya jaribio la maji. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine ashike mpira wa maji nje. Anzeni na mshono wa chini kabisa, dakika 5, kisha mpande mshono mmoja mmoja. Mkianza na paa, maji yatateremkia kila mahali na hamtajua yaliingilia wapi. Subirini siku mbili, pimeni palepale mlipopima kabla ya kumwagia maji, na namba zikiwa zilezile, rudisheni makabati.