Je, injini ya dizeli lazima iwekewe oili nzito?

Katika gereji nyingi za Nairobi huaminika kwamba dizeli hulindwa na oili nzito, na gari likizeeka uzito uongezwe. Imani hiyo ina chimbuko: injini nyingi za zamani zilitumia oili nzito ya 15W-40. Nyingi za kisasa, hata hivyo, huundiwa oili nyepesi ya 5W-30. Tarakimu ya kabla ya W huonyesha oili inavyotiririka kwenye baridi. Ya pili, uzito wake injini ikishapata moto. Oili ikizidi uzito, huchelewa kufika kwenye turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) asubuhi ya baridi ya Julai, na dizeli huliwa zaidi. Soma kijitabu cha gari. Penye kichujio cha masizi kwenye ekzosi, tafuta pia oili yenye alama ya kiwango iliyotajwa kijitabuni, mfano C3 au DL-1. Kijitabu ni cha Kijapani, kama vingi hapa? 5W-30 huandikwa vilevile.