Uwajibikaji si ukarimu

Wiki hii nimeisikia tena lawama hii dhidi ya kampuni: "Wale hawana uwajibikaji kwa jamii, wanachimba visima ili wajitangaze tu." Msemaji alikuwa na uchungu wa kweli, ila neno aliloshika silo.

Uwajibikaji wa kampuni kwa jamii ni kampuni kubeba matokeo ya shughuli zake kwa watu inaowaajiri, inaowauzia na inaopakana nao. Basi. Moyo wa mwenye kampuni haupimwi hapo.

Shida inaanzia kwenye kuchanganya wajibu, hisani na sadaka. Maneno yote matatu tumeyapata kwa Waarabu, na kila moja lilikuja na mzigo wake. Wajibu ni jambo lililokulazimu. Ukiliacha, una kosa. Hisani ni wema unaovuka pale ulipolazimika. Ukiuacha, hakuna wa kukudai. Sadaka ina mzizi mmoja na kusadiki, mzizi wa ukweli, na ndiyo maana mtoa sadaka huulizwa nia yake. Mwenye wajibu haulizwi hivyo. Dawa ya deni kulipa, na mdai akishazihesabu fedha zake hana haja ya kujua kama zimelipwa kwa mapenzi au kwa kuogopa mahakama.

Tanzania jambo hili limeandikwa kabisa. Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kinachodaiwa kisheria hakiwezi kuwa zawadi. Hata hivyo, siku ya kukabidhi madawati tunapiga makofi kama tumepewa.

Na kampuni nayo ikipata faida je? Kule Obuasi, Ghana, kampuni ya dhahabu ya AngloGold Ashanti ilianza mwaka 2006 kupulizia dawa ya mbu nyumba za mji wa mgodi. Wachimbaji walikuwa wakiugua malaria, zamu zikipwaya na gharama za matibabu zikipanda. Kampuni iliutetea mfuko wake. Lakini ndani ya miaka michache wagonjwa walipungua kwa zaidi ya nusu, na mtoto wa jirani asiyefanya kazi mgodini naye akalala bila homa. Sioni kwa nini hilo liitwe uongo kwa sababu tu mgodi nao ulinufaika.

Mkanganyiko huohuo una sura ya pili, nayo inaniuma zaidi. Mwajiri anayewakata wafanyakazi michango ya hifadhi ya jamii asiifikishe kwenye mfuko, kisha akatoa vitanda hospitali, amefanya hisani. Wajibu bado unamdai.

Kwa hiyo msemaji wetu, kama visima vinatoa maji ila vilichimbwa kwa ajili ya picha, aseme kampuni haina ukarimu. Huenda ni kweli. Uwajibikaji wake ataukuta kwenye hati za mishahara, na kwenye maji yanayotoka nyuma ya kiwanda.