Kishada cha kutoa kuransi, na radi za Kivu

Kijana mmoja hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu, alinionyesha video ya kishada kinachozalisha umeme. "Papa injinia, upepo wa ziwani ni wa bure. Tunangoja nini?" Swali la haki, kuransi ilikuwa imekatika tangu asubuhi.

Kishada hicho hakielei tu kama vya watoto wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu. Kinakata upepo kwa ubavu, kikichora namba nane, hadi kasi yake inaupita upepo wenyewe mara kadhaa. Miles Loyd, Mmarekani, alipiga hesabu hiyo mwaka 1980: kikikimbia hivyo, kinavuta kamba kwa nguvu nyingi kuliko kikitulia. Ni kazi ileile inayofanywa na ncha za mapanga ya kinu cha upepo, ila mnara umeondolewa, ikabaki kamba. Kamba ikivutwa inazungusha pipa lililounganishwa na jenereta chini. Ikiisha, kishada kinalazwa kisishike upepo, na mota inairudisha kamba kwa kula sehemu ndogo ya umeme uliopatikana. Halafu kinaanza upya.

Wengine walipachika jenereta kwenye bawa, umeme ukashuka kwa kebo. Kampuni ya Makani ilifikia bawa la mita 26 na kilowati 600, ikafungwa 2020. Mimi napenda mtindo wa pipa: chuma kizito kinabaki chini, fundi anakifikia na spana yake.

Sasa kwetu. Kasi ya upepo ikipungua nusu, nguvu yake inabaki moja ya nane. Karibu na ikweta upepo ni mpole, na kwenye mwinuko wetu wa mita 1,500 hewa yenyewe ni nyepesi. Kupanda mita 300 juu ya ziwa kungesaidia, lakini huko ndiko kwenye radi. Vipimo vya setilaiti vimeonyesha Kabare, jirani zetu, inaongoza Afrika nzima: zaidi ya miali 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. (Kiswahili kinaita kuransi na radi vyote umeme, ila huu wa radi hauingii kwenye mita.) Kamba ya plastiki kavu haipitishi umeme, iliyolowa mvua ya Novemba mimi siishiki. Ingebidi kukishusha kishada kila wingu jeusi linapojitokeza, na masika yetu hayakosi mawingu.

Mto Ruzizi, unaozungusha mitambo ya umeme wa maji, unatoka ziwa hilohilo na unateremka usiku na mchana. Nilimwambia hivyo, akanuna kidogo. Basi atengeneze kishada kidogo, wakati wa kiangazi, apime mvuto wa kamba kwa mizani ya kuning'iniza. Jumamosi tunakwenda soko la Kadutu kuitafuta mizani hiyo.